Akiba ya Gesi Chini ya Visima vya Maji

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliishiwa na gesi usiku wa kuamkia sikukuu. Nyama ilikuwa mekoni, wageni walikuwa njiani, na duka liuzalo mitungi lilikuwa limekwisha kufungwa. Ilimbidi akope makaa kwa watu na kuhamia uani na sufuria zake, huku moshi ukimtoa machozi. Kesho yake, tulipokwenda kumpa mkono wa sikukuu, aliniuliza kwa hasira iliyochanganyika na kicheko: "Mwalimu, hao Wazungu ambao nyumba zao zote hupikia gesi na kuota gesi, nao huishiwa usiku wa sikukuu kama mimi?"

Siku hizi mimi si mwalimu tena, ni mtumishi wa serikali akaaye ofisini na majalada. Lakini mtu aliyewahi kushika chaki haachi kuitwa mwalimu, wala haachi kupenda swali zuri. Nilimjibu kwamba nao wangeishiwa, tena si nyumba moja bali miji mizima, kama wasingekuwa na ghala. Akauliza ghala hilo liko wapi. Nikamwambia kwamba mara nyingine liko chini kabisa ya ardhi, ndani ya mwamba uliojaa maji. Akanitazama kama mtu anayetaniwa mbele ya wageni. Makala hii ni jibu nililomwia deni siku ile, na wasomaji wa kurasa hizi wanakaribishwa kulisikiliza pamoja naye.

KWA NINI GESI IWEKWE AKIBA

Gesi asilia ni hewa iwakayo itokayo ardhini, na sehemu yake kubwa ni metheni. Siyo ile tuipatayo katika mitungi, ambayo ni propeni na buteni zilizobanwa mpaka zikawa majimaji. Tofauti hiyo msomaji aishike vizuri, maana tutairudia. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, gesi asilia huja kwa bomba mpaka jikoni, na bomba hilo huenda limetoka kwenye machimbo yaliyo mbali kwa maelfu ya kilomita.

Sasa bomba lina tabia yake. Faida yake hupatikana linapopitisha kiasi kilekile kila siku, kiangazi na masika. Watu hawana tabia hiyo. Mwezi Julai, jua likiwaka huko kaskazini, gesi hutumika kuchemshia chai na kupikia tu. Mwezi Januari, theluji ikiwa mlangoni, kila nyumba huhitaji joto usiku na mchana, na matumizi huongezeka mara kadhaa. Kujenga bomba kubwa la kutosheleza juma moja la baridi kali, kisha likae nusu tupu mwaka mzima, ni sawa na kununua sufuria ya harusi kwa ajili ya kupikia uji wa watoto.

Mkulima wetu hukabili shida hiyohiyo kwa upande wa pili: huvuna mara moja na kula mwaka mzima, kwa hiyo hujenga kihenge. Wenye gesi huvuna kila siku na kula zaidi kwa msimu mmoja. Kihenge wanakihitaji vilevile.

Zamani walijenga matangi makubwa ya chuma kando ya miji. Matangi hayo yalitosha kwa siku chache tu. Mwaka 1915, huko Welland katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ilijaribiwa njia nyingine: gesi ilirudishwa ndani ya mwamba uliokuwa umekwisha kutolewa gesi yake ya asili. Mwamba ule uliipokea na kuitoa tena ilipohitajika. Hata leo, maghala mengi ya gesi duniani ni ya namna hiyo, yaani machimbo ya zamani yaliyopewa kazi mpya. Mengine ni mapango yaliyotengenezwa ndani ya chumvi ya ardhini kwa kuiyeyusha kwa maji.

Lakini si kila mji umejaliwa kuwa karibu na machimbo ya zamani au chumvi nene. Chicago hauko hivyo, wala Paris. Penye shida kama hiyo wataalamu waliutazama mwamba wa tatu, ule uliojaa maji na ambao haujapata kuwa na gesi tangu kuumbwa kwake. Huko Kentucky, Marekani, jambo hilo lilianza mwaka 1946.

BILAURI NA NDOO

Mtu asidhani kwamba chini ya ardhi kuna ziwa lenye giza ambalo gesi huelea juu yake kama moshi ndani ya chumba. Hilo ndilo kosa la kwanza, na wanafunzi wangu wote wangelifanya. Ili kulisahihisha, jaza ndoo mchanga mkavu mpaka juu, kisha mimina maji polepole. Ndoo ilionekana kujaa, lakini itapokea vikombe vingi vya maji. Yamekwenda wapi? Yamejipenyeza katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya punje na punje. Mwamba wa mchanga, hata ukiwa mgumu kiasi cha kuvunja nyundo, una nafasi kama hizo, na chini sana nafasi hizo hujaa maji, aghalabu maji ya chumvi yasiyonyweka.

Jaribio la pili ndilo lenye siri yote. Chukua ndoo ya maji na bilauri tupu. Igeuze bilauri kinywa chini na uizamishe wima mpaka iguse kitako cha ndoo. Utaona kwamba maji hayakuijaza. Hewa imenaswa ndani: juu imezuiwa na kioo, chini na pembeni imezuiwa na maji. Hakuna kizibo wala mfuniko, na bado haitoki. Sasa inamisha bilauri kidogo tu. Povu litachomoka, litapanda juu na kupotea.

Ghala la gesi katika mwamba wenye maji ni bilauri ile ile, ila upana wake huenda ukawa kilomita kadhaa. Mahali pa kioo huchukuliwa na tabaka la mfinyanzi mgumu lisilopitisha kitu, ambalo misukosuko ya ardhi ya zamani sana imelikunja likafanana na bakuli lililofunikwa. Chini ya bakuli hilo ndipo ulipo mwamba wa mchanga uliojaa maji. Visima hutobolewa kutoka juu kupita katika mfinyanzi, na mashine za kushindilia gesi huisukuma ndani yake. Gesi huyafukuza maji taratibu kutoka kwenye matundu ya mwamba, ikakaa chini ya kuba la bakuli, na maji yaliyofukuzwa husogea pembeni na kuizingira pande zote. Wakati wa baridi visima hufunguliwa, gesi hupanda kwa nguvu yake yenyewe, na maji hurudi nyuma yake kama mtu anayerudi nyumbani mgeni akiisha kuaga.

Kina kinasaidia sana. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo, yaani nguvu ya kusukuma, iliyo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Penye mita 1,000 kanieneo hufikia karibu mara 100 ya hiyo, na gesi ambayo huku juu ingejaza vyumba mia moja hubanwa ikatosha katika chumba kimoja. Ndiyo maana kuba moja la mwamba huhifadhi kile ambacho matangi ya chuma ya nchi nzima yasingeweza.

Gharama yake imejificha mahali pasipotazamiwa. Si gesi yote iingiayo itakayotoka. Nusu yake, na katika miamba ya maji mara nyingi zaidi ya nusu, hukaa humo daima ili kuyazuia maji yasivifikie visima na kuisukuma ile sehemu inayotumika. Mwenye duka ataelewa upesi: ile ni rasilimali, na faida peke yake ndiyo iliwayo. Ghala la Inčukalns karibu na Riga, nchini Latvia, lilianza kutumika mwaka 1968 katika mwamba wa mchanga ulio mita 700 hivi chini. Hubeba mita za ujazo zipatazo bilioni 4.4 za gesi, lakini ziwezazo kuingizwa na kutolewa kila mwaka ni bilioni 2.3 hivi. Ufaransa ilianza huko Beynes, magharibi ya Paris, mwaka 1956, na mwaka 1968 ikafungua ghala la Chémery, ambalo ni miongoni mwa makubwa kupita yote ya aina hii duniani.

Wengi wa raia wanaoishi juu ya maghala haya hawayafikirii. Waliyafikiria mwaka 2022. Gesi ya mabomba kutoka Urusi ilipopungua baada ya vita vya Ukraini kupamba moto, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwezi Juni mwaka huo kwamba maghala ya gesi yajazwe angalau asilimia 80 kabla ya tarehe 1 Novemba. Watu wasiojua hata kama ardhi ina matundu wakaanza kusoma magazetini kila juma ni asilimia ngapi imekwisha kujaa. Jirani yangu angewaelewa kabisa, maana naye siku hizi huutikisa mtungi wake kila Ijumaa.

KIFUNIKO AMBACHO HAKIJAJARIBIWA

Hapa nataka msomaji aende nami polepole. Machimbo ya gesi ya zamani yana ushahidi wake yenyewe. Gesi ilikaa humo mamilioni ya miaka bila kutoroka, kwa hiyo kifuniko chake kimejaribiwa na muumba wa dunia. Mwamba wa maji hauna ushahidi huo. Kifuniko chake kimezuia maji tu, au hakikuzuia chochote. Isitoshe, ili gesi iyasukume maji yaondoke, sharti iingizwe kwa kanieneo iliyo kubwa kuliko ile ya asili. Kifuniko hutakiwa kubeba mzigo ambao hakijapata kubeba tangu kilipofanyika.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza gesi, wataalamu huchimba visima vya majaribio na kuyavuta maji kwa pampu kutoka katika mwamba wa ghala siku nyingi mfululizo, huku wakipima maji ya tabaka lililo juu ya kifuniko. Maji ya juu yakitulia, ni dalili njema. Yakianza kushuka pamoja na yale ya chini, ina maana kuna ufa, na mahali hapo huachwa. Kazi hii, pamoja na kuyafukuza maji polepole, huchukua miaka. Mwenye haraka hapaswi kuianza.

Hata mwenye subira huweza kupatikana na jambo. Mwaka 1953, huko Herscher, kusini ya Chicago, gesi ilianza kuingizwa katika mwamba wa mchanga wenye maji. Miezi michache tu baadaye wakazi wa karibu waliona mapovu katika visima vyao vya maji. Gesi ilikuwa imepata njia ya kupanda. Ilitafutwa sana njia hiyo ni ipi, na haikujulikana kwa yakini. Hatimaye walivuta maji kutoka pembeni mwa mwamba ili kanieneo ipungue, wakaikusanya gesi iliyokuwa ikitoroka, na baadaye wakatumia pia mwamba mwingine ulio chini zaidi.

Herscher ilikuwa hasara na hofu. Huko Ujerumani ya Mashariki mambo yalikwenda mbali zaidi.

Karibu na mji mdogo wa Ketzin, magharibi ya Berlin, palikuwa na kijiji kiitwacho Knoblauch. Neno hilo kwa Kijerumani ni kitunguu saumu, na mama yeyote asomaye ukurasa huu atakipenda kijiji chenye jina kama hilo. Katika miaka ya 1960 mwamba wa mchanga ulio chini ya eneo lile, katika kina kisichofika mita 400, ulifanywa ghala. Gesi iliyowekwa haikuwa gesi asilia bali gesi ya mji, ile iliyotengenezwa viwandani kutokana na makaa ya mawe na iliyokuwa ikitumika Ulaya kabla ya gesi asilia kuenea. Ndani ya gesi ya mji mlikuwa na haidrojeni nyingi, na pia kaboni monoksidi.

Naomba kusimama kidogo juu ya kaboni monoksidi, kwa sababu sisi tunaifahamu bila kujua jina lake. Ndiyo itokayo katika jiko la makaa linapoingizwa chumbani usiku wa baridi na madirisha kufungwa. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Mtu husikia kichwa kizito, hudhani ni uchovu, hulala, na asubuhi majirani huvunja mlango. Damu yetu huipokea hewa hii kwa pupa kuliko ipokeavyo hewa safi, na mtu hufa kwa kukosa pumzi hali anapumua. Katika kila wilaya niliyofanya kazi nimesikia habari ya nyumba moja au mbili zilizokwisha hivyo. Jiko la makaa halilali chumbani na watu, hata likionekana limezimika.

Basi gesi yenye sumu hiyo ilitoroka ghalani na kupanda mpaka katika makazi ya Knoblauch. Ikaingia katika nyumba. Hapakuwa na la kufanya ila kuwahamisha watu, na hawakurudishwa. Kijiji kilichokuwa kimekaliwa kwa karne nyingi kilifutwa katika miaka hiyohiyo ya 1960, nyumba zikabomolewa, na jina likabaki katika ramani za zamani na midomoni mwa waliozaliwa pale. Ghala liliendelea. Baadaye liliwekwa gesi asilia, na kati ya 2008 na 2013 wanasayansi walitumia mwamba mwingine wa Ketzin, ulio chini zaidi, kujaribu kuzika tani 67,000 hivi za hewa ya ukaa ili isiongeze joto la dunia.

Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu Ketzin yenye michoro ya miamba na visima. Kijiji hupewa sentensi moja. Labda kwa mhandisi sentensi moja inatosha. Mimi hufikiri juu ya mtu aliyeambiwa afungashe vyombo vyake kwa sababu ya kitu kilichowekwa chini ya sakafu yake, na ambacho hakukiona kikiingia wala kikitoka.

Gesi ya mji ilileta mshangao mwingine, huu wa kuchekesha kidogo. Huko Lobodice, katika iliyokuwa Chekoslovakia, gesi iliyokaa ghalani kwa miezi saba ilipotolewa ilikuwa imebadilika. Haidrojeni ilikuwa imepungua kutoka asilimia 54 hadi 37, na metheni imeongezeka kutoka 22 hadi 40. Mwizi alitafutwa akaonekana ni vijidudu viishivyo ndani ya maji ya mwamba, ambavyo hula haidrojeni pamoja na hewa ya ukaa na kutoa metheni. Wale wanaopanga leo kuhifadhi haidrojeni katika miamba ya namna hiyo huanza kwa kusoma habari za Lobodice. Ghala lina panya wake hata huko chini.

MAJI YA KUNYWA

Mara nyingi maji ya mwamba wa ghala ni ya chumvi na hayana mwenyewe. Lakini kusini-magharibi ya Ufaransa, huko Lussagnet, ambako gesi imehifadhiwa tangu 1957, mchanga uliobeba gesi ni sehemu ya tabaka kubwa ambalo kwingineko huwapa watu maji matamu ya kunywa na ya kumwagilia mashamba. Matokeo yake huonekana visimani. Majira ya joto, gesi ikiingizwa, maji hufukuzwa na kina chake katika visima vya jirani hupanda. Majira ya baridi, gesi ikitolewa, maji hushuka tena. Ni kana kwamba ardhi inapumua mara moja kwa mwaka. Si sumu wala hatari, lakini mwenye kisima cha pale ana haki ya kujua kwamba kamba yake inapungukiwa kwa sababu nchi inaota moto.

Mkasa wa karibuni zaidi nao umetokea Illinois, katika wilaya ya Champaign. Huko liko ghala la Manlove, linalohudumia jiji la Chicago, na gesi yake hukaa mita 1,200 hivi chini. Juu sana ya ghala hilo, karibu na uso wa ardhi, umelala mkanda wa mchanga na changarawe uitwao Mahomet, wenye maji matamu yanywewayo na watu zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba watu wa sehemu kubwa ya eneo hilo hawana chanzo kingine cha maji cha kutegemea. Mwaka uliofuata, 2016, gesi ilitoroka katika kisima kimoja cha ghala na kuingia katika mkanda huo. Kaya chache zilikuta gesi ndani ya maji ya visima vyao, zikaletewa maji ya chupa, na kesi zikafuata.

Msomaji atambue jambo moja katika mkasa huo. Kifuniko cha mfinyanzi hakikupasuka. Gesi ilipita katika tundu ambalo watu wenyewe walilitoboa ili kulifikia ghala, mahali ambapo bomba la kisima lilikuwa halizibi tena. Mwamba ukikaguliwa vizuri hudumu. Chuma huliwa na kutu na saruji hufa nyufa, na ghala moja huweza kuwa na visima mia na zaidi, vingine vya zamani kuliko wafanyakazi wanaovilinda. Kwa hiyo kazi kubwa ya ghala la gesi si kuingiza na kutoa. Ni kupima: kuchota maji ya tabaka la juu na kuyachunguza kama yana metheni, kusoma kanieneo kila siku, kushusha vyombo ndani ya visima ili kutazama chuma kimebaki unene gani, kisha kuwaambia wanaoishi juu ya mwamba yale yaliyoonekana. Kunywa maji yenye metheni kidogo hakumdhuru mtu. Hatari ni gesi hiyo inapotoka katika maji na kujikusanya ndani ya kibanda cha pampu kilichofungwa, mtu akaingia na kiberiti. Anayeambiwa mapema hufungua mlango kwanza.

NA SISI

Nchi zetu hazina Januari ya theluji, kwa hiyo haja ya maghala kama haya haijatubana. Jirani zetu Watanzania waligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, nayo ikaanza kutumika Dar es Salaam kuzalisha umeme mwaka 2004. Miaka 30 ilikaa kimya katika mwamba wake wa mchanga chini ya kifuniko chake. Bilauri ile waliikuta imekwisha kuwekwa.

Na wakazi wa kandokando ya Ziwa Kivu wana mfano wao, ingawa ni wa namna tofauti. Metheni iliyo katika kina cha ziwa hilo haikunaswa chini ya mfinyanzi. Imeyeyuka ndani ya maji, kama hewa iliyo katika chupa ya soda, na uzito wa maji yaliyo juu ndio uizuiao isitoke. Upande wa Rwanda, karibu na mji wa Karongi, mtambo wa KivuWatt huivuta na kuifanya umeme. Maji kuwa mlinzi wa gesi si hekaya ya kigeni kwetu.

Hayo yote nilimweleza jirani yangu ukumbini kwake, ndoo na bilauri vikiwa mbele yetu, na watoto wake wote wanne wakigombania zamu ya kuizamisha bilauri. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba amepata jibu, na kwamba ataanza kuweka akiba ya mtungi wa pili. Nilirudi kwangu nimeridhika.

Siku ya tatu nilimkuta mwanawe mkubwa uani na jembe. Alikuwa amechimba shimo linalomfika kiunoni, safi, lenye kuta zilizonyooka, na kando yake umesimama mtungi mpya. Kijana alinieleza kwa fahari kwamba anawatengenezea ghala la chini ya ardhi.

Nilimwita mama yake na tukaanza somo upya. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda na kwenda zake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya katika shimo, mtaro au chini ya kitanda, na hungoja cheche. Mtungi huwekwa umesimama wima mahali pa wazi penye kupitisha hewa, mbali na moto na mbali na jua kali, wala hauwekwi shimoni kamwe. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti wala taa. Funga valvu, fungua milango, utoe watoto nje.

Mtungi wa pili sasa uko barazani nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Lile shimo wameligeuza kuwa la takataka.